Kumwona Kiwavi: Picha za Karibu za Wadudu Mkoani Songwe

Tukisema kwamba sehemu ya likizo yetu tunaitumia kupiga picha za wadudu, watu hucheka kwanza, kisha huuliza: "Sasa, Frateri, mdudu wa nini?" Ni swali la haki, hasa kwa mtu anayelima. Mdudu kwake ni yule aliyekula mahindi yake mwaka jana. Hivyo ndugu msomaji, kabla ya kukueleza jinsi ya kuipata picha nzuri, tuseme wazi kwamba kwetu mkoani Songwe picha ya mdudu inaweza kuwa na kazi kubwa kuliko kupamba simu. Tutafika shambani baadaye.

Sisi ni mafrateri watatu tunaosoma falsafa. Mmoja kwao ni Tunduma mjini, mwingine Mbozi, wa tatu Ileje. Tuna simu mbili na lenzi moja ndogo ya kubana juu ya lenzi ya simu, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya simu pamoja na makava na chaja. Kamera kubwa hatuna. Tuliyoyaandika hapa tumeyafanya kwa vifaa hivyo, kwa hiyo mwenye simu ya kawaida asiogope kuendelea kusoma.

Shida ya kwanza ya picha ya karibu ni fokasi, na inafaa kuielewa sababu yake. Ukimpiga picha mtu aliyesimama hatua tano mbele yako, yeye ataonekana vizuri, ukuta ulio nyuma yake pia, na hata kuku anayepita. Ukimsogelea mdudu mpaka sentimita tatu, mambo hubadilika. Sehemu inayotoka wazi huwa nyembamba mno, na mbele yake na nyuma yake kote ni ukungu. Kwa kamera kubwa yenye lenzi inayomchora mdudu kwa ukubwa wake halisi, tundu la lenzi likiwa kwenye f/8, ukanda huo ulio wazi una unene wa milimita moja hivi. Ukilibana tundu mpaka f/16 unapata kama milimita mbili, lakini mwanga unaoingia unabaki robo, na picha yote huanza kufifia kidogo kwa sababu mwanga hutawanyika unapopita kwenye tundu dogo. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki kabisa. Unachukua ulichopewa.

Maana yake ni kwamba huwezi kumwonyesha mdudu mzima kwa mara moja. Jicho la nzi likiwa wazi, ncha ya bawa lake imeshapotea. Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza, lazima uamue unataka kujua nini kwake. Wengi wanaolalamika kwamba simu zao ni mbovu, kwa maoni yetu, hawajaamua. Simu imeamua kwa niaba yao, na simu kwa kawaida hupenda jani.

Hapa falsafa ilitusaidia, ingawa hatukutegemea. Aristotle, katika kitabu chake juu ya sehemu za wanyama, anawaonya wanafunzi wasiwakimbie wanyama wadogo kwa kinyaa cha kitoto. Na jina la Kigiriki alilotumia kwa wadudu, *entoma*, lina maana ya "waliokatwa", kwa sababu miili yao ina mikato: kichwa, kifua, tumbo. Mtakatifu Thomas wa Akwino naye, alipoeleza Kanuni ya Imani, alisema kwamba akili yetu ni dhaifu kiasi kwamba hakuna mwanafalsafa aliyewahi kuichunguza kikamilifu hata asili ya nzi mmoja. Akasimulia habari ya mwanafalsafa aliyekaa upweke miaka 30 ili amjue nyuki. Miaka 30! Sisi tuna wiki chache, na betri inayoisha saa sita mchana.

Anayeanza tunamshauri aanze na nondo ukutani, si na nyuki wala kipepeo. Tunduma haina uhaba wa taa. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde yanasimama usiku kucha, maduka na vituo vya mafuta vinawaka mpaka asubuhi, na nondo hufuata mwanga huo. Saa kumi na mbili asubuhi utawakuta wametulia kwenye kuta zilizopakwa chokaa, mabawa yamelala. (Lakini usiende kupiga picha karibu na ofisi za mpakani. Askari watataka kujua mdudu huyo ana uhusiano gani na forodha, na watakuwa na haki ya kuuliza.) Ubora wa nondo ni kwamba amelala bapa. Ukiishika simu sambamba na ukuta, mabawa yote mawili yanaingia ndani ya ule ukanda mwembamba, na utaona vumbi la mabawa, vinyweleo, hata papasi zilizokunjwa. Ukiinamisha simu kidogo tu, upande mmoja unapotea.

Hilo ndilo fundisho kubwa la kwanza, nasi tulilijaribu ukutani kwa siku nne kabla ya kwenda popote. Sehemu unayotaka ionekane ifanye iwe sambamba na simu yako. Kama ni bawa, simama sambamba na bawa. Kama ni mgongo, piga kutoka juu. Kama ni uso, shuka mpaka uwe mbele ya uso, na uyaache mengine yaende. Kwa picha ya uso fokasi iwe kwenye macho. Mtazamaji hutafuta macho kwanza, hata ya mdudu, na kereng'ende wakubwa wana vijijicho zaidi ya 20,000 katika kila jicho, kwa hiyo kuna mengi ya kutazama.

Fundisho la pili ni kwamba lenzi ya kubana haina uvumilivu. Inaona vizuri katika umbali mmoja tu wa sentimita chache. Usiiachie simu itafute fokasi yenyewe, maana itakwenda mbele na nyuma mpaka mdudu aondoke. Bonyeza kioo kwa kidole na ukishikilie mpaka fokasi ifungwe, kisha usogeze mwili wako wote taratibu, kuelekea kwa mdudu na kurudi, huku ukipiga picha nyingi mfululizo. Kati ya 20 moja au mbili zitaangukia mahali pake. Nyingine zifute palepale, la sivyo simu itajaa kabla ya chai.

Mkono unatetemeka kuliko tunavyodhani. Tulijaribu stendi ya miguu mitatu tukaiacha, kwa sababu kwa mdudu aliye sentimita kumi juu ya ardhi stendi ni ndefu mno. Tunatumia mfuko mdogo wa kitambaa uliojaa maharage. Unauweka chini, unaulaza mkono juu yake, mkono unatulia. Maharage ya Mbozi hayakosekani, na kazi ikiisha hayajaharibika. Ukitumia spika za masikioni za waya, katika simu nyingi kitufe cha sauti kilicho kwenye waya kinapiga picha bila kuigusa simu. Upepo hauna dawa. Jani likipeperuka milimita tano, na ukanda wako ni milimita moja, hesabu unaiona mwenyewe. Mmoja wetu hulishika shina la jani kwa vidole viwili, mwingine anapiga. Kazi hii inapendeza kufanywa na watu wawili.

Tiba kuu ni kuamka mapema. Wadudu hawatengenezi joto la mwili kama sisi. Asubuhi ya Juni au Julai juu huku Mbozi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, kereng'ende anashika ncha ya nyasi amejaa umande na hawezi kuruka mpaka jua limpashe. Una nusu saa, pengine zaidi. Wapo wanaowaweka wadudu kwenye friji ili watulie, kisha wakawapanga juu ya ua kama sahani mezani. Hatuwalaani, lakini picha hizo tunazitambua. Mdudu anaonekana kama aliyeamshwa usingizini nyumba ya watu.

Mwanga wa asubuhi pia ni mpole. Jua la saa sita linawaka juu ya gamba la mbawakawa kama juu ya bati, na katikati ya mng'ao huo hakuna kinachoonekana. Kama huna budi kupiga mchana, weka karatasi nyeupe kati ya jua na mdudu, au mtu asimame akupe kivuli, na karatasi hiyo uitumie upande wa pili kumrudishia mwanga kidogo. Flashi ya simu tuliizima tangu mwanzo.

Sasa mpangilio. Wengi wakishajua fokasi hukazana kumjaza mdudu kwenye picha nzima mpaka miguu inakatwa ukingoni. Tunapendelea kumwachia nafasi, hasa upande anaoelekea, ili aonekane ana mahali pa kwenda. Na jani analokula libaki kwenye picha, kwa sababu mdudu bila jani lake ni nusu ya habari. Nyuma yake pakiwa na vijiti na takataka zinazovuka kichwa chake, usimguse, sogea wewe nusu hatua. Nyuma pakiwa mbali, pote panayeyuka kuwa rangi moja, kijani au kahawia, na mdudu anajitokeza. Na ushuke chini. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama humwonyesha mdudu kama tunavyomwona siku zote, yaani kitu cha kukanyagwa. Mafrateri wana uzoefu wa kupiga magoti, kwa hiyo hapa hatuna udhuru.

Kule Ndolezi, Mbozi, kipo kimondo maarufu, chuma kilichotoka angani, urefu wake kama mita tatu. Kila anayekitembelea hukiegemea akapigwa picha. Tulipokwenda tulipiga na sisi, haki yetu. Lakini sisimizi waliokuwa wakipita chini yake walituchukulia saa nzima, na picha tunayoipenda ni ya sisimizi mmoja aliyebeba bawa la kumbikumbi, na nyuma yake ukuta mweusi wa chuma ulioyeyuka kuwa giza tupu.

Mambo haya ya kusimama sambamba si ya wapiga picha peke yao. Mkoa wetu unagusa Ziwa Rukwa upande wa kaskazini, na bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio yanayojulikana ya nzige wekundu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige hao walienea katika sehemu kubwa ya kusini na mashariki mwa Afrika, na wazee wetu waliwasikia wazazi wao wakisimulia. Mwaka 1949 ikaundwa huduma ya kimataifa ya kuwadhibiti, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia. Watafiti wa nzige walikuwa na njia moja rahisi ya kujua kama nzige ni wa kukaa peke yake au ameanza kuelekea kundini: walipima urefu wa bawa la mbele wakaulinganisha na urefu wa paja la mguu wa nyuma. Jambo hilo linaonekana ubavuni. Ndiyo maana nzige au panzi tunampiga ubavuni, simu ikiwa sambamba na paja lake. Picha ya usoni inachekesha zaidi, lakini ya ubavuni ina majibu.

Turudi kwa mahindi, tulikoahidi.

Viwavijeshi vamizi asili yao ni bara la Amerika. Waliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na mwaka 2017 walikuwa wameshaingia Tanzania, wakionekana kwanza kwa jirani zetu wa Rukwa. Tangu hapo msimu haupiti bila habari zao. Ugumu ni kwamba kiwavi huyu anafanana na wenzake. Yupo kiwavijeshi wetu wa zamani, anayetembea kwa makundi na kula hadharani. Wapo funza wa mabua wanaoingia ndani ya shina. Yule mvamizi anajificha kwenye moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, na anaacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Kila mmoja ana namna yake ya kukabiliwa, na dawa iliyopuliziwa mahali asipokuwepo ni pesa iliyomwagwa.

Januari, kwenye kigango kimoja cha Mbozi, baada ya Misa mama mmoja alitusubiri nje. Tulimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hiyo lenzi yenu ya sisimizi, inaweza kumwona na huyu?"

Alikuwa na kiwavi ndani ya kifuniko cha chupa. Alikuwa ameshamtumia afisa ugani picha kwa simu, na jibu lilikuwa kwamba inaonekana kijani tu. Afisa mwenyewe alikuwa vijiji vya mbali, angefika baada ya siku nne. Jirani mmoja alimwambia ni funza wa mabua, mwingine akasema mvamizi. Mahindi yalikuwa na wiki tatu, ekari mbili. Pesa ya dawa ilikuwepo, lakini ilikuwa pesa ya sare za shule, na shule zilikuwa zinafunguliwa.

Afisa alituambia kwa simu anachotaka: kichwa, na sehemu ya nyuma. Kiwavi mvamizi ana alama ya rangi hafifu kichwani, kama herufi Y iliyogeuzwa juu chini, na kwenye pingili ya pili kutoka mwisho ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Ndugu msomaji, tazama sasa tatizo letu. Y iko mbele ya uso, inatazama mbele. Madoa yako mgongoni, yanatazama juu. Picha moja haiwezi kuwa sambamba na vyote viwili. Tuliamua ni picha mbili, kila moja na swali lake.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa shambani kabla ya jua. Kiwavi akiguswa hujikunja, na aliyejikunja hana uso wala mgongo, kwa hiyo tulimlaza juu ya jani tukamwacha. Mama alilishika jani. Mfuko wa maharage ukawa chini ya mkono. Alipojinyoosha tulianza na mgongo kutoka juu, kisha tukashuka mpaka mashavu yakagusa udongo, tukimngoja ageuze kichwa. Picha 43. Mbili zilifaa. Katika moja Y ilionekana bila shaka yoyote, na mwili wote nyuma yake ulikuwa ukungu wa kahawia. Kama picha ya kupendeza ingekuwa dhaifu, maana kichwa kilikaa katikati kabisa na jani halikuonekana. Kwa kazi ile haikuhitaji kingine.

Jibu lilikuja kabla ya saa tatu: "Ndiye. Mahindi yana umri gani?"

Mama alinyamaza kidogo. "Ningefurahi angekuwa mwingine," alisema.

Kwa maelekezo ya afisa tulipita shambani kwa kufuata mstari wa herufi W, vituo vitano, mahindi kumi kila kituo. Kati ya 50 tulikuta 14 yenye dalili. Viwavi wengi walikuwa bado wadogo, na hilo lilitoa nafasi. Mama na wanawe walichagua mikono: kuponda mayai na viwavi kila asubuhi, na kutia udongo kwenye moyo wa mhindi, kama wakulima wengi wanavyofanya. Dawa ingenunuliwa kama ingeshindikana, na ingepuliziwa jioni kwenye moyo wa mmea, si juu ya majani. Sare zilinunuliwa. Wiki mbili baadaye alinunua na dawa pia, kiasi kidogo, kwa ekari moja iliyozidiwa.

Kwa wenye simu janja ipo pia programu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Inazungumza Kiswahili na inakagua majani ya mahindi kwa kamera hata pasipo mtandao. Nayo inahitaji picha iliyo wazi.

Jambo dogo la mwisho, lililotusumbua sana: ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na vinyweleo vyote vinapotea. Itume kama hati, siyo kama picha. Ni nzito kidogo, lakini inafika kamili.

Lenzi tuliiacha kwa yule mama tuliporudi seminarini. Alituma picha mwezi uliofuata, kama hati. Ni upande wa chini wa jani, fungu la mayai kama mia moja hivi limefunikwa na manyoya ya kijivu, na kila unyoya unaonekana. Kidole gumba chake kipo pembeni, kimelishika jani. Chini aliandika: "Frateri, haya nimeyaona kabla hayajaanguliwa."